Sahihi Kwenye Fomu Tupu

NEEMA: Karibuni, wapendwa. Tuko Kirumba, Mwanza, na leo Kulwa kaja na hasira.

KULWA: Nimekuja na risiti, dada. Hebu tazama: mbao, nyavu, mafuta ya injini. Maduka matatu.

NEEMA: Mwandiko mmoja!

KULWA: Na namba zinafuatana, 41, 42, 43. Kitabu kimoja cha risiti kimezunguka maduka matatu.

NEEMA: Wasikilizaji, hizi ni za kikundi alichowahi kuwa katibu. Jina tunalihifadhi. Ilikuwa ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri?

KULWA: Ndiyo hiyo. Nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, kutoka mapato ya ndani. Haina riba, basi watu wanaiona kama sadaka.

NEEMA: Mwaka 2023 serikali iliisimamisha, maana ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zilishalia sana na vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Ikarejea 2024. Ila vikundi hewa ni rahisi kuvilaani. Ninyi mlikuwepo.

KULWA: Tulikuwepo, na boti tulikuwa nayo. Watia saini watatu. Siku moja mweka hazina ananiambia, "Katibu, wewe kesho uko ziwani, nisainie kabisa fomu za kutolea hela, nitajaza mwenyewe." Nikasaini nne.

NEEMA: Tupu?

KULWA: Tupu.

NEEMA: Kwa hiyo mkaguzi angekuta sahihi ya nani?

KULWA: Dada... yangu.

NEEMA: Enhee. Mlipogundua mweka hazina kala hela?

KULWA: Hapo ndipo tulipoharibu zaidi. Tukakaa kikao usiku, tukambembeleza arudishe kimyakimya, tusiaibishane. Tukampa wiki mbili. Wiki ya kwanza haijaisha, daftari la mapato "limeloa mvua".

NEEMA: Mvua ya kiangazi hiyo. Jamani, siku hiyohiyo mngeandika barua benki akaunti izuiwe, mkatoa nakala ya daftari na taarifa ya benki, mkaandika muhtasari, mkampelekea afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ikinuka rushwa, wale wa kuzuia rushwa, TAKUKURU, 113, kupiga ni bure. Na tangu 2015 kuna sheria ya kumlinda mtoa taarifa.

KULWA: Lakini si kila pengo ni wizi. Dagaa wakinyeshewa kichanjani, rejesho linayumba.

NEEMA: Sawa, ila hilo unalisema kabla hujafuatwa. Hela ikipungua na mtu amenyamaza, mimi nina mashaka naye. Na risiti, dai ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ile unaihakiki kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato. Hizi za kuandika kwa mkono hata mimi naweza kukutengenezea sasa hivi.

KULWA: Juzi nimekutana na huyo mweka hazina pale soko la Mwaloni. Kaniita shemeji, kaninunulia chai.

NEEMA: Ukanywa?

KULWA: Na chapati mbili.