Mtindo Huanzia Pale Kifaa Kinapokataa

Ndugu wasikilizaji, walionisikia siku zilizopita wanajua ninakoelekea, nao nawaomba wanivumilie. Kila mara naletewa kazi ya michoro yenye rangi iliyovuka mstari kwa makusudi, nukta nukta za magazeti ya zamani na karatasi iliyochakaa, vyote vimewekwa na programu kwa kubonyeza mara moja. Nikimuuliza mchoraji sababu, hunijibu kwamba huo ndio mtindo unaopendwa sasa. Hilo si jibu. Mtindo wa picha hutokana kwanza na jambo ambalo kifaa kimekataa kulifanya, na asiyelijua jambo hilo huiga kovu bila kujua jeraha.

Chukueni vielelezo vya magazeti ya karne ya 19, kabla picha za kamera hazijaweza kuchapwa pamoja na maandishi. Mchoro ulichongwa kwenye kibao kilichokatwa kwa kukingama shina la mti, kwa kuwa uso wa namna hiyo, ambao Thomas Bewick wa Uingereza alionyesha uwezo wake mwishoni mwa karne ya 18, huhimili mstari mwembamba bila kumeguka. Tatizo ni kwamba mti uliofaa kwa kazi hiyo hauna shina nene, hivyo kibao kimoja kilikuwa kidogo. Wakati huohuo, gazeti kama The Illustrated London News, lililoanza mwaka 1842, lilitaka picha kubwa, tena za haraka. Basi vibao vidogo vilifungwa pamoja kwa skrubu na nati, mchoro ukachorwa juu yake, kisha vikafunguliwa na kila fundi akapewa chake: huyu mawingu, yule nusu ya farasi. Ili vioane, mistari ya kwenye kingo iliachwa bila kuchongwa hadi vibao vilipofungwa tena, ndipo fundi mmoja akaipitishia patasi.

Sasa angalieni matokeo yake. Mafundi kadhaa hawawezi kuchonga picha moja huku kila mmoja akifuata hulka ya mkono wake, kwa hiyo walilazimika kuwa na mistari inayofanana: ya sambamba kwa anga, iliyopinda kwa nguo, iliyokatana kwa kivuli. Utaratibu huo, ambao leo tunausifu kama ladha ya zama zile, ulikuwa makubaliano ya watu waliokuwa wakikimbizana na saa ya mtambo wa kuchapa. Katika baadhi ya nakala mtaona pia mstari mweupe, mwembamba kama unywele, ukiikata picha kutoka juu hadi chini. Hapo ndipo vibao vilipoachana. Nimewahi kumwona kijana aliyeunakili mstari huo kwa uaminifu mkubwa, akidhani ni radi.

Najua kuna atakayesema, "Mwalimu, kwani unataka turudi kwenye patasi?" Sitaki. Kompyuta nayo ilizaa mtindo ilipokuwa na mipaka. Msanifu Susan Kare, alipochora alama ndogo za kwenye skrini ya kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984, alipewa viraba (pikseli) 32 kwa 32, vya nyeusi na nyeupe tu. Kila kimoja kati ya viraba hivyo 1,024 kilidai uamuzi wake. Leo mtu ana mamilioni ya rangi, na haamui hata moja.

Litografia, yaani uchapaji wa kutumia jiwe, nitaipitia upesi. Mjerumani Alois Senefelder aligundua kwamba mafuta na maji yakikataana juu ya jiwe, mchoro huchapika bila kuchongwa, na mkono ukawa huru hata kuchora herufi na picha kwa pamoja. Lakini kila rangi ilihitaji jiwe lake, na mawe ni gharama. Ndiyo sababu mabango ya wakati ule yana rangi chache zilizotandazwa pana. Mchoraji Mfaransa Henri de Toulouse-Lautrec, aliyechora bango la ukumbi wa burudani wa Moulin Rouge wa Paris mwaka 1891, alipotaka rangi hafifu alirusha matone ya wino juu ya jiwe kwa brashi. Matone hayo ndiyo mnayoyanunua leo yakiwa faili.

Nilikusudia kuzungumzia uchapaji wa offset, herufi za kubandika za Letraset na muundo wa herufi wa Helvetica wa mwaka 1957, lakini nimekaa mno kwenye vibao. Niseme tu kuhusu sura bapa, yaani alama za skrini zisizo na kivuli, zilizoenea hasa baada ya Apple kuondoa mwigo wa ngozi na vivuli katika iOS 7, mfumo wa simu zake, mwaka 2013. Wengi huzitaja kama fasheni, wakisahau kwamba umbo lisilo na kivuli hukubali kupanuliwa na kupunguzwa kwenye kioo cha ukubwa wowote, na skrini zilikuwa zimeshakuwa za kila namna.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Programu zinazotengeneza picha kutokana na maneno nitaziacha kwa wakati wa maswali, ingawa nafahamu fika kwamba ndizo zilizowaleta wengi wenu hapa.