Waya wa Tatu: Mazungumzo na Wahitimu wa Kidato cha Nne na Wazazi Wao

Wazazi wangu, shikamooni. Vijana, mambo?

Nimekuja na soketi. Hii nimeing'oa juzi kwa mama mmoja aliyelalamika kwamba friji lake lina shetani: ukiligusa ukiwa pekupeku, linakutikisa. Tazameni nyuma. Kuna sehemu tatu za kukazia nyaya, zimekazwa mbili tu, wa moto na nyutro. Wa tatu, ule wa kijani na njano, fundi aliukunja akauacha ndani ya ukuta. Hiyo ndiyo ethi. Bila ethi friji linagandisha vizuri tu, na mwenye nyumba analipa akifurahi. Shida inakuja siku waya unapochubuka ndani, umeme ukapanda kwenye bati la friji. Hapo ethi inaupa njia ya kwenda, na breka inaruka kuukata. Usipoupa njia, utapita kwa anayegusa.

Fundi yule simlaumu sana. Mabomba yake ya kupitishia nyaya yamenyooka, mkono anao. Alijifunza kwa kumtazama kaka yake, na kaka naye hakuna aliyemweleza.

Sasa mzazi anasema, "Huyu kafeli, mpelekeni VETA akasome ufundi." Mzee wangu, utampa aliyefeli umeme wa nyumba unayolala? Jiko la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta karibu ampea 9, na waya unachaguliwa kwa hesabu hiyo. Ndiyo fizikia ileile, vijana, mliyoikimbia. Imewasubiri huku.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na sehemu ya fedha zake inatokana na tozo ya kuendeleza ujuzi wanayolipa waajiri. Vyeti vya ufundi stadi vina ngazi tatu. Sisi wazee tulikuwa na gredi, tukianzia gredi ya tatu kupanda hadi ya kwanza. Tulijivuna nazo kweli!

Cheti kina kazi gani? Anayefunga umeme kwenye majengo anatakiwa awe na leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, na leseni inadai vyeti. Ndiyo maana mtaani kuna mchezo: mmoja anapanda darini na kumeza vumbi kutwa nzima, mwingine anakuja jioni na kalamu, anasaini fomu ya kuombea umeme, anaondoka na chake. Shati lake jeupe. Nimekuwa wote wawili, kwa hiyo najua nani hulala na njaa. Kama tayari wewe ni fundi wa mtaani, nenda kaulizie urasimishaji ujuzi. Wanapima unachokijua, pengo linazibwa, unapata cheti bila kuanza upya na watoto.

Na mzazi, ukipanga ada, panga na bei ya testa na bisibisi. Fundi wa kuazima vifaa hamalizi kazi.

Basi, mita ninayo hapa. Nani aje tupime soketi ya ukumbi huu, ile iliyochomekwa spika? Wewe binti uliyekuwa unacheka, njoo. Vua bangili kwanza.