Kupima Mawimbi ya Redio Yanayoakisiwa na Ardhi

Karibuni watazamaji. Tupo Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, kando ya majaruba ya mpunga yaliyojaa maji, ambapo tutatumia redio ndogo ya FM kuchunguza namna ardhi inavyoakisi mawimbi. Andaeni redio yenye antena ya kuvuta, mwanzi mkavu wa mita 4, kamba na futikamba.

Kwanza, tafuteni stesheni inayosikika kwa shida, yenye mikwaruzo. Stesheni yenye nguvu haitufai, kwa kuwa redio ya FM husawazisha tofauti za nguvu na kutuficha tunachokitafuta. Kisha gawanyeni 300 kwa megahezi za stesheni hiyo mpate urefu wa wimbi: megahezi 100 ni mita 3.

Pili, fungeni redio kwenye ncha ya mwanzi, majaruba yakiwa kati yenu na mnara. Anzieni chini, karibu na tuta, kisha inueni mwanzi polepole huku mkisikiliza. Hapa naomba msiharakishe. Redio inapokea mawimbi mawili: moja limekuja moja kwa moja kutoka mnarani, jingine limegonga maji kwanza. Wimbi linalogonga uso kwa mshazari mdogo sana huakisiwa likiwa limegeuzwa, kilele kikawa bonde, na kwa kuwa karibu na ardhi njia zote mbili zinakaribia kulingana kwa urefu, mawimbi hayo hufutana. Kadiri antena inavyopanda, tofauti ya njia huongezeka na sauti husafika. Mnara ukiwa mbali, kuongeza kimo mara mbili huongeza volti kwenye antena karibu mara mbili. Kwa maoni yangu, bomba refu juu ya paa lina faida kuliko antena ya bei kubwa iliyowekwa dirishani.

Tatu, rudieni kipimo hiki kwenye uwanja mkavu, kisha nyuma ya shamba la kahawa. Maji yaliyotulia huakisi vizuri, ingawa kwa mshazari mdogo hata udongo mkavu huakisi kwa nguvu. Mikahawa hutawanya mawimbi na kunyonya sehemu yake.

Nne, simameni mbele ya genge la mwamba linalotazamana na mnara, mkisogeza redio taratibu kuelekea mnarani bila kubadili kimo. Wimbi linalorudi kutoka gengeni hukutana na linalokuja, na sauti hufifia kila baada ya nusu ya urefu wa wimbi, yaani mita 1.5 kwa mfano wetu. Pigilieni kigingi kila sauti inapofifia, na mlingoti wa antena usimamisheni katikati ya vigingi viwili.