Hesabu Ndege Wako kwa Dakika Kumi: Maelekezo kwa Anayeanza Kujitolea

Karibu tena. Leo tunatoka nje. Mwenye darubini aichukue. Asiye nayo asirudi nyuma, macho na masikio yanatosha kuanzia. Beba daftari dogo, saa, na penseli, kwa sababu wino wa kalamu huchuruzika karatasi ikilowa.

Video hii ni kwa ajili yako unayeona ndege kila siku na ungependa macho yako yasaidie kujua kama wanaongezeka au wanapungua. Mwaka 1900 huko Marekani, mtaalamu wa ndege Frank Chapman aliwaomba watu wahesabu ndege siku ya Krismasi badala ya kwenda kuwawinda. Walijitokeza 27 tu, lakini hesabu hiyo inaendelea mpaka leo. Na mwaka 2019 watafiti walipoonyesha kwamba Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970, walitegemea sana daftari za watu wa kujitolea.

Hatua ya kwanza. Chagua sehemu moja ambayo utaweza kuirudia. Fika asubuhi mapema, ndege wanapoimba zaidi. Kabla hujaandika ndege yeyote, andika tarehe, mahali, saa ya kuanza na hali ya hewa. Upepo mkali uandike pia, maana unapunguza unachosikia.

Hatua ya pili. Simama kimya dakika moja au mbili, ndege uliowashtua watulie. Kisha anza kuhesabu, dakika 10 kamili. Andika unaowaona na unaowasikia. Wanaopita juu bila kutua waandike pembeni, peke yao.

Sasa angalia kundi hili la bata kwenye skrini. Usiandike “wengi”. Hesabu 10 wa kwanza, mmoja mmoja. Tazama hao 10 wamechukua nafasi kiasi gani, halafu isogeze nafasi hiyo juu ya kundi kama mtu anayegonga mhuri: kumi, ishirini, thelathini. Katikati wamebanana zaidi, kwa hiyo hapo punguza ukubwa wa mhuri. Simamisha video ujaribu. Rudia ukianzia upande wa pili. Majibu yakikaribiana, andika. Yakiachana sana, hesabu mara ya tatu. Makadirio ya 130 yana manufaa. “Wengi” hayana.

Na wanaoingia na kutoka je? Umeona shomoro 4, wakaruka, wakaja 6, baadaye 3. Usijumlishe ukapata 13, huenda ni walewale. Ukiwa unahesabu wanaotua mbele yako, andika 6, idadi kubwa uliyoiona kwa mara moja. Kanuni hii ndiyo inayotumika Uingereza katika hesabu ya ndege wa bustanini, ambayo huchukua saa moja.

Hatua ya tatu, na hapa naomba unisikilize vizuri. Andika wote. Mimi nilipoanza nilikuwa nawaruka njiwa na shomoro, nikiona wamezoeleka mno. Leo ningependa kujua walikuwa wangapi pale nilipokuwa nasimama miaka ile, na daftari langu halina jibu. Orodha ikiwa kamili, hata asiyeandikwa anatoa habari: hakuonekana. Ukimruka shomoro kwa kumdharau, atakayesoma orodha yako ataamini hakuwepo. Ukikaa dakika 10 usione ndege hata mmoja, hiyo nayo ni hesabu.

Usiyemtambua usimbahatishie jina. Andika “mwewe, aina haikujulikana”, kisha eleza mdomo, miguu, mkia. Programu ya simu inayotambua sauti ipokee kama anayekudokezea. Thibitisha mwenyewe kwa jicho au sikio.

Hatua ya nne, kutuma. Unaweza kutumia eBird, tovuti na programu ya simu inayopokea hesabu za ndege, iliyoanza 2002. Itakuuliza kama umeandika ndege wote uliowatambua. Jibu kwa ukweli. Kiota cha bundi au cha ndege adimu usitangaze mahali kilipo, usikisogelee kwa ajili ya picha, wala usimchezee ndege sauti ya kurekodi mara kwa mara akaacha kulisha makinda.

Hatua ya tano, jiunge na sensa. Katika utafiti wa ndege wanaozaliana Uingereza, ulioanza 1994, mtu hupewa eneo la mraba, kila upande kilomita moja, lililochaguliwa kwa bahati nasibu. Unaweza kupata shamba tupu huku moyo wako uko kwenye bwawa. Lipokee, usibadilishe. Tukihesabu penye ndege tu, tutadhani wako tele kila mahali. Anayependa ndege wa majini aulizie hesabu ya Januari. Ilianza 1967 na hufanyika katika nchi nyingi, za Afrika zikiwemo.

Kama bado majina yanakuchanganya, omba kazi ya karani: mzoefu anataja, wewe unaandika na kutazama saa. Asubuhi chache za hivyo zitakufundisha mengi.

Sasa simamisha video, fungua dirisha, weka saa dakika 10. Ukimaliza, niandikie hapo chini umehesabu wangapi, na shomoro wakiwemo.