Conques, kijiji kilichotajirika kwa wizi

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kufika. Conques ni kijiji kidogo cha jimbo la Aveyron, kusini mwa Ufaransa, kimeng'ang'ania ubavuni mwa kilima juu ya mto Dourdou. Nyumba zake ni chache, lakini kanisa lake ni kubwa ajabu. Fedha za kulijenga zilitoka wapi?

Chanzo ni wizi. Karne ya 9 watawa wa Conques walihitaji mahujaji, na mahujaji wa zama hizo walifuata masalia ya watakatifu. Mji wa Agen, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ulikuwa na masalia ya Mtakatifu Foy, binti mdogo aliyeuawa na Warumi kwa sababu ya imani yake. Watawa wenyewe wanasimulia kwamba mwenzao, Ariviscus, alikwenda kuishi Agen, akaaminiwa, na baada ya miaka kumi akakabidhiwa ulinzi wa kaburi. Akalivunja usiku, akatoroka na mifupa. Mwizi gani ana subira ya namna hiyo? Wala hawakuona haya kuyaandika. Walidai mtakatifu mwenyewe ndiye aliyetaka kuhama.

Basi mahujaji wakamiminika, wengi wakiwa safarini kwenda Santiago de Compostela, mji wa hija huko Hispania. Foy akatengenezewa sanamu ya mti iliyovikwa dhahabu na vito, ameketi kitini, macho kodo. Mwaka 1013 akaja mwanazuoni Bernard wa Angers, akaicheka na kuiita sanamu ya kipagani. Baadaye akageuka, akawa ndiye mwandishi wa miujiza ya Foy!

Sasa tusimame mlango wa magharibi. Juu yake imechongwa Siku ya Hukumu, kazi ya karne ya 12, yenye watu zaidi ya mia moja. Peponi wamepangwa kwa adabu, na kusema kweli wanachosha. Motoni ndiko kwenye mambo: bahili ananing'inia na mfuko wa fedha shingoni, askari anaporomoka kutoka juu ya farasi. Ukiinua macho hadi ukingo wa tao, utaona vichwa vidogo vikichungulia, vidole vimeshika ukingo, kama majirani waliosikia ugomvi.

Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, serikali ilipokuwa ikitwaa mali za makanisa, wanakijiji waliificha hazina ya kanisa lao, pamoja na sanamu ya Foy, kisha wakairudisha. Jengo lenyewe lilichakaa hadi Prosper Mérimée, mkaguzi wa majengo ya kale, alipolifikia mwaka 1837 na kulipigania.

Vioo vya madirisha ni vya juzi tu. Mchoraji Pierre Soulages, mzaliwa wa Rodez jirani, alivikamilisha mwaka 1994, vyote bila rangi. Wapo waliolalamika. Mimi naona alipatia, maana mawe ya kuta zile yana manjano na waridi yake. Vioo vyekundu na vya buluu vingeyafunika.