Masizi ya Ndege Si Meusi

Ndugu zangu, mtanivumilia, maana hili nimelisema mara nyingi. Lakini kila nikiinama kwenye meza ya maonyesho naliona tena: modeli ya Lancaster, ile ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu, iliyoungwa kwa subira, rangi haina dosari, kisha nyuma ya kila injini, juu ya bawa, michirizi myeusi tititi. Nikimuuliza mwenyewe, ananijibu: "Kwani moshi si mweusi?"

Hapana! Tukae hapa kidogo. Petroli ya ndege za Vita Kuu ya Pili ilitiwa risasi, nasema madini, si ya bunduki, ili injini isigonge kwa ndani mafuta yanapowaka. Ikiungua huacha unga wa kijivu uliopauka. Weusi hutokea mafuta yanapozidi hewa. Sasa Lancaster ilikuwa ikienda hadi Berlin na kurudi, saa saba au zaidi angani, na rubani hubana mafuta yamfikishe nyumbani. Masizi ya safari hiyo hupauka.

Mtu atasema picha za zamani zinaonyesha mchirizi mweusi. Zitazame tena. Katika nyingi, mchirizi unaonekana kwa sababu umepauka kuliko rangi ya bawa!

Kwa hiyo chukua chaki tatu: kijivu cheupe, kahawia, nyeusi. Zikwangue kwa wembe juu ya karatasi, kila moja chungu yake. Nyeusi iwe chembe tu ya kutia kivuli. Chovya ncha ya brashi laini, ikung'ute mpaka udhani haina kitu, kisha anzia mdomo wa ekzosi na uvute kuelekea nyuma, unakopeleka upepo. Kahawia kwanza, halafu kijivu katikati, chembamba zaidi, ili kahawia ibaki kingoni. Na upana uupime. Kwenye modeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, mchirizi wa milimita 4 ni karibu sentimita 29 kwenye ndege yenyewe. Ukiuachia ufike sentimita 2, umepaka karibu mita moja na nusu ya bawa.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisipulize rangi, mambo yakaisha. Rangi ikikosewa imekosewa. Chaki naifuta kwa pamba yenye unyevu, naanza upya, hata mara tano, mpaka mkono ukubali.

Mengine nayapitia haraka, naona saa inanikimbiza. Chaki ziwe kavu, zile za mafuta hazitoi unga. Kabla ya kuanza pitisha vanishi isiyong'aa, kwa kuwa unga haushiki penye utelezi. Baada ya hapo usiguse kwa vidole.

Vanishi ya mwisho ndiyo iliyoniumiza. Kazi ya jioni tatu niliipuliza kwa mkupuo mmoja, na nikiwa natazama, kijivu changu chote kikazama kwenye unyevu, bawa likabaki kama sikuwahi kuligusa. Siku hizi napuliza kwa mbali, ukungu mwembamba, nangoja ikauke, naongeza unga palipofifia. Modeli ya kukaa kabatini siipulizi kabisa.

Moshi wa bunduki na vumbi la magurudumu tuviache leo. Chaki na karatasi ziko hapa mbele. Mwenye bawa lenye michirizi myeusi alilete, tulifute sasa hivi.