Gadi ya Grainda Iko Wapi?

(Mazungumzo na mafundi wa jua kali, Kisumu)

Hamjambo mafundi? Najua mteja wa geti hasubiri, kwa hivyo sitawaweka sana.

Neno "hatari" linatuponza. Tunalitumia kwa kitu chenyewe, na tunalitumia tena kwa uwezekano wa kitu hicho kuumiza mtu. Petroli iliyofungwa vizuri stoo ni kihatarishi, yaani kitu chenyewe kinachoweza kuumiza. Petroli hiyo hiyo ikiwekwa kando ya anayechomelea, hapo ndipo tunapima: itamfikia nani, kwa urahisi gani, na akiumia ataumia kiasi gani? Drumu tupu lililobeba mafuta ni baya zaidi, maana mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka, na tupu halimtishi mtu.

Sasa nipitishieni hiyo grainda, mashine yetu ya kukatia na kusagia chuma. Ni ndogo, ya inchi nne na nusu. Soma hapa ubavuni: mizunguko 11,000 kwa dakika. Na hii diski ya inchi tisa, soma: isizidi 6,600. Haiingii, gadi, hiki kifuniko cha chuma kinachokinga diski, inaizuia. Tunafanyaje? (Kicheko.) Naona mnajuana! Gadi inafunguliwa, inatupwa chini ya meza, na diski inazungushwa zaidi ya mara moja na nusu ya kasi iliyotengenezewa. Siku ikipasuka, vipande vinakuja pale pale gadi ingesimama: tumboni, shingoni, usoni. Miwani itasaidia macho tu.

Ndiyo maana nikiulizwa habari ya miwani na glavu najibu mwisho. Kwanza ondoa kihatarishi: nunua diski ya kipimo chake. Ukishindwa, kitenge na watu. Kujivika vifaa ni baada ya hapo. Wengi wetu tunaanzia mwisho kwa sababu glavu ni rahisi kununua, na wakubwa wa karakana wanazipenda kwa sababu hiyo hiyo.

(Fundi mmoja: "Na ule mwanga wa kuchomelea?")

Wewe una kioo cheusi. Lakini nani anakaa pale, hatua nne? Mama wa chai. Yeye hajui kwamba ule mwanga ndio unaomfanya usiku ahisi mchanga machoni; anadhani ni moshi wa jiko lake. Ukipima banda lako ukamsahau, hujapima. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkinga hata asiye mfanyakazi, mradi ni kazi yako inayomhatarisha. Bati moja lililosimamishwa kati yenu linatosha kukinga ule mwanga, na mabati si mnayo?

Basi tuinuke. Kila mtu aingie banda la jirani, si lake, kwa sababu lako umeshalizoea. Dakika kumi. Rudini na vitu vitatu, na kwa kila kimoja mniambie nani ataumia. Mama, wewe pia njoo, utaanza na banda la huyu aliyeuliza.